Jumla na Rejareja

Mjukuu wangu mmoja, anayesoma mwaka wa pili chuo kikuu, alinijia siku moja na karatasi mkononi na uso wa mtu aliyeonewa. Mwalimu wake alikuwa amempigia mstari mwekundu mara kumi na moja katika insha moja, na kila mstari ulikuwa chini ya maneno yale yale: kwa ujumla. Kwa ujumla jamii za pwani zilikuwa hivi. Kwa ujumla wakoloni walifanya vile. Kwa ujumla vijana wa mjini hawataki hili. Pembeni mwa ukurasa mwalimu alikuwa ameandika maneno mawili tu: tafuta visawe.

"Babu," akaniambia, "wewe umefundisha Kiswahili zaidi ya miaka thelathini. Nitajie maneno kumi yenye maana hiyo hiyo, niyabadilishebadilishe, nipate alama zangu."

Nilimwambia aje Jumamosi alfajiri tuvuke pamoja kwenda Feri kununua samaki, na maneno tutayazungumza huko huko. Hakufurahi, maana vijana wa siku hizi alfajiri hawaijui ila wakiwa wanarudi kulala. (Naam, na mimi nimekwisha kusema kwa jumla. Ugonjwa huu unaambukiza.) Lakini Jumamosi akaja.

Sisi tunaokaa Kigamboni tumezoea kuiona Feri kwa mbele, kutoka majini. Jina lenyewe ni la Kiingereza, la chombo cha kuvushia watu, ingawa chombo hicho sisi tunakiita pantoni. Pantoni ikifunga gati, umati hushuka mbio kana kwamba mji utahama kabla hawajaufikia, na ukifuata pua yako upande wa kulia unaingia soko la samaki. Majengo yaliyopo yalijengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani. Mimi naikumbuka Feri ya zamani zaidi, ya mchanga na vibanda, ambapo samaki alinadiwa juu ya turubai hatua chache kutoka mtumbwini. Kilichobadilika ni sakafu. Dalali bado ni yule yule, mwenye sauti ya kukauka, na Ikulu bado iko jirani, hivi kwamba harufu ya pweza na harufu ya madaraka hupishana njiani kila upepo ukigeuka.

Asubuhi ile nilijitia ujuzi. Badala ya kwenda kwa akina mama wanaouza mafungu, nikaingia mnadani pamoja na wachuuzi, na dalali alipoinua ndoo ya vibua wanaong'aa kama fedha, nikapandisha bei mpaka ikawa yangu. Tukaibeba hadi kwa wapara samaki. Kijana mmoja akaimwaga mezani, na pale ndipo tulipouona ukweli wa ndoo. Waliokuwa juu walikuwa wazuri, macho maangavu, mashavu mekundu. Waliofuata walikuwa wa kuvumilika. Wa chini ukimbonyeza kidole kinazama na shimo halirudi.

Nikarudi kwa dalali nimefura. Kijana akaniamkia kwa adabu zote, "Shikamoo mzee wangu," akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema kwa upole, kama mtu anayemfafanulia mtoto:

"Mzee wangu, wewe umenunua jumla. Ungetaka kuchagua, ungekwenda pale kwa akina mama, ukanunua rejareja. Jumla haichaguliwi."

Wachuuzi wakacheka. Mjukuu wangu akacheka kuliko wote. Nami nilipokwisha kununa kidogo nikaona kwamba somo langu la visawe limekwisha kufundishwa na mtu mwingine, tena kwa sentensi moja.

Tuliwatupa wale wabovu, wazima tukawaacha kwa mama mmoja mkaangaji atukaangie, tukakaa kwenye benchi lake kunywa chai. Hapo nikamwambia kijana atoe kalamu.

Neno jumla tumelipata kwa Waarabu. Kwao lina maana ya mkusanyiko, hesabu iliyotiwa pamoja. Wao pia huliita biashara ya mafungu makubwa kwa neno hilo hilo. Na katika sarufi yao jumla ndiyo sentensi. Sisi tumechukua mawili ya kwanza. Tuna kujumlisha, somo la kwanza la hesabu, tuna bei ya jumla, na tuna kwa jumla. Baadaye tumeongeza u- mbele tukapata ujumla na kwa ujumla, na leo hii huyu mdogo amemfukuza mkubwa wake karibu katika kila hotuba na taarifa. Sina ugomvi naye. Ila kwa kuwa nimefundisha na hesabu vilevile, jambo moja hunikera: katika daftari la mtoto, jumla huja mwisho, chini ya mstari, baada ya tarakimu zote kupangwa. Katika insha ya mjukuu wangu ilikuwa inakuja mwanzo, na tarakimu hazifuati.

Akaniuliza, je, kwa kawaida si ni kitu kimoja? La. Kawaida nalo limetoka kwa Waarabu, na asili yake ni msingi, kanuni. Anayesema kwa kawaida anataja utaratibu uliowekwa au uliozoeleka, na ndiyo maana baada yake unaweza kuweka "lakini leo" bila kumshangaza mtu. Kwa kawaida pantoni huondoka saa kumi na moja, lakini leo imeharibika. Kwa desturi na kwa mazoea ni ndugu zake, isipokuwa desturi ina heshima ya wazee ndani yake, na mazoea yana uvivu kidogo.

Aghalabu ni neno ninalolipenda, na nasikitika kwamba limebaki kwa washairi na walimu wastaafu. Linasema: mara zilizo nyingi zaidi. Shina lake la Kiarabu ni la kushinda, kwa hiyo ndani ya aghalabu mna mashindano yaliyokwisha amuliwa. Upande mmoja umeushinda mwingine kwa wingi. Kutoka shina hilo hilo tumepata na ghilibu, kumshinda mtu kwa hila. Mwandishi anapaswa kukumbuka kwamba maneno hayo mawili yamelala kitanda kimoja.

Takriban ni neno nyenyekevu. Ni ndugu wa karibu, na linakiri umbali: sijafika, lakini nipo jirani. Mara nyingi halihitaji kueleza. Kwa kiasi kikubwa lina mizani mkononi. Kwa mapana linaomba radhi mapema kwamba halitaingia ndani sana. Wengi wao, nikamwambia, litie alama, tutalirudia.

"Sasa Babu," akasema huku akihesabu kwa vidole, "yote haya si yanafaa?"

Yanafaa, lakini hayabadilishani kama wachezaji wa akiba. Kila moja huacha mlango wake. Ukisema wengi, papo hapo wachache wanasimama nje wakibisha hodi, na msomaji atauliza wako wapi. Ukisema aghalabu, umekiri kwamba ziko siku nyingine. Ukisema kwa kawaida, umeiachia leo nafasi yake. Ukisema takriban, umekubali kusahihishwa. Ni kwa jumla peke yake isiyobakiza kitu nje. Ndoo nzima imeinuliwa, bei imetajwa, na wa chini wamo.

Nikaona kijana ameanza kuandika kwa bidii, nikapata tamaa ya ualimu, nikamwongezea kitu ambacho hakuomba. Lugha yetu haikungoja Waarabu ili iseme mambo kwa jumla. Inayo silaha yake yenyewe, ndogo kama punje: hu-. Samaki huoza. Watu husema. Mvua hunyesha. Katika vitenzi vyetu vingine vyote twajua nani na twajua lini: ninakula, ulikula, watakula. Hiki kiambishi hakibebi nafsi wala wakati. Mimi hula, wewe hula, wao hula. Mtu amemezwa na kitenzi chake. Na kuna jambo lililonichukua miaka mingi ya kufundisha kabla sijalitazama vizuri. Hu- hii haina ukanushi wake. Ukitaka kuikana, huna budi kumrudisha mtu: sili, hatuli, hawali. Mtu akisema "watu wa hapa hula kasa," unaweza kumjibu tu kwa kusimama na kusema nani hali.

Mama mkaangaji, ambaye muda wote alikuwa akisikiliza huku akigeuza samaki, akasema, "Basi mwalimu, mimi sili kasa." Chai ikatutoka puani.

Kijana alikuwa na haja ya kufika Kariakoo kununua waya wa simu, na samaki walihitaji muda, hivyo tukaamua kwenda kwa miguu. Yako mabasi ya mwendokasi yanayoanzia pale pale Kivukoni, lakini nilikuwa nimekwisha kujua ninachotaka kumwonyesha.

Tulifuata barabara ya ufukweni tukapita kanisa la Azania Front, tukapanda mjini hadi Barabara ya Samora, na pale kwenye mzunguko nikamsimamisha mbele ya sanamu ya Askari. Amepita hapo tangu utoto. Anaijua kama watu wote wanavyoijua, yaani kama alama ya kukutania. Nilimwambia kwamba hapo kwanza palikuwa na sanamu ya Mjerumani, Hermann von Wissmann, na kwamba Waingereza walipoutwaa mji mwezi Septemba 1916 waliiondoa. Askari huyu wa shaba alisimamishwa mwaka 1927, kuwakumbuka Waafrika waliotumika upande wa Waingereza katika Vita Kuu. Maneno yaliyoandikwa chini yake, kwa Kiingereza na Kiswahili, yalitungwa na Rudyard Kipling. Yanawataja askari, na yanawataja wapagazi, ambao wanafananishwa na viungo vya mwili vilivyolibeba jeshi. Kisha yanatoa ahadi: kwamba afaye akiipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake.

Kijana akazunguka sanamu mara mbili, akitazama kila upande.

"Majina yako wapi?" akauliza.

Hakuna. Hakuna jina hata moja.

Vita ile katika Afrika Mashariki ilianza Agosti 1914 na haikwisha mpaka Novemba 1918, pale Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia. Ilipiganwa mahali ambapo reli zilikuwa chache na mbung'o waliwaua farasi, ng'ombe na punda kwa maelfu. Kwa hiyo kila kilicholiwa, kilichopigwa na kilichovaliwa kilisafiri juu ya kichwa cha mtu. Mzigo ulikuwa ratili 50 hivi, bila kuhesabu vitu vya mchukuzi mwenyewe. Na mchukuzi hula. Ikiwa safari ya chakula ni ndefu, chakula humalizwa na wanaokibeba, na hapo inabidi wachukuliwe wachukuzi wengine wa kuwabebea wachukuzi. Hiyo ndiyo hesabu iliyovifagia vijiji. Pande zote mbili zilifanya hivyo. Waliwachukua watu kwa mshahara, na mshahara usipotosha, kwa amri, na amri isipotosha, kwa kamba.

Waliochukuliwa na upande wa Waingereza peke yao hukadiriwa kufikia milioni moja. Vifo vilivyoandikwa ni kama laki moja, na wanahistoria wengi wanaamini kwamba idadi halisi ni kubwa kuliko hiyo. Msomaji ataona nimeandika hukadiriwa, na anajua sasa nafsi imekwenda wapi. Risasi haikuwaua wengi kiasi hicho. Waliuawa na kuhara damu, malaria, vichomi, baridi ya nyanda za juu ambayo watu wa pwani hawakuwa na nguo zake, na unga wa mahindi uliopikwa nusu kwa kukosa muda na kuni, uliowakata matumbo watu waliozoea vyakula vingine. Na kwa kuwa wengi waliandikwa ovyo, au hawakuandikwa kabisa, mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Hapo mtu asiniambie kwamba namna ya kuandika ni jambo la walimu tu.

Mwaka 2021 tume inayoshughulikia makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyoichunguza historia yake yenyewe. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Haikuwa ajali ya karatasi kupotea, ingawa karatasi zilipotea pia. Wakubwa wa wakati ule walikaa wakaamua kwamba kwa watu wa aina hii kaburi la mtu mmoja mmoja halina haja. Itatosha sanamu moja, kwa niaba ya wote. Sanamu hiyo ndiyo tuliyokuwa tumesimama chini yake. Iko nyingine Nairobi na nyingine Mombasa.

Kutoka pale tulivuka Mnazi Mmoja. Uwanja ule nao ni sentensi iliyoandikwa kwa ardhi. Wakati wa Waingereza uliachwa wazi ili utenge mji wa Wazungu na Wahindi na mji wa Waafrika, na mipango ya mji ilizungumza kwa jumla hivyo hivyo: watu wa aina hii nyumba za namna hii, watu wa aina ile nyumba za namna ile. Ng'ambo ya uwanja ndipo inapoanza Kariakoo.

Kijana alikuwa anajua kwamba jina hilo limetoka kwenye Kiingereza, shuleni waliambiwa. Alichokuwa hajapata kukifikiri ni kwamba si jina la mtu wala la mti wala la kisima, kama yalivyo majina mengi ya vitongoji vyetu. Ni jina la kikosi, Carrier Corps. Wajerumani walikuwa wameanza kuinua jengo la soko mahali pale, vita ikawakuta, Waingereza walipouteka mji wakaweka hapo kambi ya wachukuzi wao. Vita ikaisha, soko likafunguliwa katika miaka ya 1920, na watu wakaendelea kupaita kama walivyosikia. Nairobi wana Kariokor yao, kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo kila siku makonda wa daladala wanaliita lile jeshi la wasio na majina, wakipiga bati kwa viganja, na hakuna anayeitika.

Katika ukoo wetu yuko mmoja. Kaka wa babu yangu alichukuliwa huko Uzaramo mwaka 1917, hakurudi. Sijui alikufa wapi, na aibu yangu ni kubwa zaidi: sijui aliitwa nani. Babu alipokuwa hai alimtaja kwa neno "kaka" tu, nasi tulikuwa watoto, hatukuuliza. Nyumbani kwetu, tukisoma hitima, marehemu husomwa kwa majina, mmoja mmoja, kuanzia wa karibu. Yakiisha majina, sheikh huongeza "na wote waliotutangulia." Kaka wa babu yumo katika hao wote. Nimewahi kukaa kwenye mkeka nikaona kwamba hapo jumla inafanya kazi njema. Inamfunika aliyekosa shuka yake. Lakini ni sisi tuliomkosesha shuka.

Mitaa ya Kariakoo siku ile ilijaa kama ilivyo desturi yake, na juu ya milango, duka baada ya duka, kibao kile kile: JUMLA NA REJAREJA. Kijana akaanza kucheka, akapiga picha tatu. Akanunua waya wake, rejareja, baada ya kuujaribu kwenye simu.

Kuna jambo lililobaki, na nisingeliandika kama yeye asingeniuliza. Tulipokuwa tunarudi akasema, "Babu, na wewe umewahi kupigiwa mstari mwekundu kwa neno hili?"

Sikupigiwa. Laiti ningepigiwa.

Mwaka 1974 nilikuwa mwalimu kijana katika wilaya moja ya kusini. Mwaka uliotangulia, mwezi Novemba, Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni lazima, na kazi iwe imekwisha ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Walimu tuliazimwa kusaidia Operesheni kwa kuwa tulijua kuandika. Nilizunguka na daftari nikiorodhesha kaya zilizohama. Sikuwa mnafiki, niliuamini ule mpango, na hata leo sisemi kwamba shule na visima vilivyofuata havikuwa kitu. Wengi wa niliowaandika walihama kwa miguu yao, wengine wakiimba, wengine wakinung'unika kama watu wote wanaohama. Kaya tatu hazikutaka. Mbili ziliezuliwa paa. Ya tatu ilikuwa ya bibi kizee mmoja aliyekaa peke yake penye mwembe mkubwa, na makaburi ya wanawe wawili yalikuwa hapo hapo chini ya mwembe. Nyumba yake ilitiwa moto. Mimi nilikuwepo, nimesimama na daftari. Alitoka na kinu. Alikiburura mwenyewe mpaka kwenye lori, na hakumtazama yeyote.

Jioni nikakaa kuandika taarifa. Hakuna aliyenishikia kalamu, wala hakuna aliyeniambia niandike nini. Nakumbuka nilianza na wengi wa wananchi wamehama kwa hiari, nikaikata. Ilikuwa kweli, lakini ilimleta msomaji mpaka mlangoni kwa wale wachache, na msomaji angeuliza. Nikajaribu isipokuwa kaya chache, nikaikata pia. Mwisho nikaandika: kwa jumla wananchi wameupokea mpango kwa moyo mkunjufu. Ilisomeka vizuri. Nilisifiwa kwa mwandiko na kwa lugha. Taarifa yangu ikapanda juu na kuungana na taarifa nyingine, na hizo zikaungana na nyingine, na takwimu za mwaka 1977 zikahesabu watu wapatao milioni 13 wanaoishi vijijini. Yule bibi ni mmoja wao. Amehesabiwa, siwezi kusema hakuhesabiwa.

Mwaka 2025, mwezi Januari, niliona katika habari kwamba mjini Cape Town wamezindua kumbukumbu ya vibarua Weusi wa Afrika Kusini waliokufa katika ile vita ya 1914. Hawakusimamisha sanamu. Wamesimika nguzo za mti wa mvule, 1,772, kila nguzo na jina la mtu mmoja. Nililitaja jambo hili kwa mjukuu wangu tulipokuwa tumesimama tena Feri, yule mama akitufungia samaki katika gazeti. Nilifikiri atauliza ni gharama gani, maana ndivyo alivyo.

Akauliza, "Yule bibi aliitwa nani?"

Daftari lilikuwa na safu ya jina la mkuu wa kaya. Nililijaza jina lake, nina hakika, maana nilizijaza safu zote. Mwandiko wangu nauona, na rangi ya wino, na ubavu wa ukurasa uliokunjika. Jina silioni. Sisi tulipozungumza habari zake tulimwita bibi wa mwembeni.

Pantoni ilipiga honi, umati ukaanza kukimbia. Kijana akachukua mfuko wa samaki kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akanishika kiwiko ili nisije nikasukumwa.